Johnny Stecchino: risasi zote hizi kwa sababu ya ndizi?

Nimeitazama Johnny Stecchino, filamu ya Roberto Benigni ya mwaka 1991, kwa Kiitaliano chake na tafsiri ikipita chini ya skrini. Mbavu bado zinauma.

Dante ni dereva wa basi la vijana wenye ulemavu. Mpole, hana makuu, ila ana udokozi wa ndizi, na mkono wake hutetemeka kila anapokumbuka kwamba watu wa bima wanamtazama. Anakutana na Maria, mwanamke mrembo anayepigwa na butwaa kumwona, naye maskini anadhani amependwa. Kumbe anafanana kama pacha na mume wa Maria, Johnny Stecchino, mmafia aliyewasaliti wenzake na sasa amejificha nyumbani kwake Palermo, mji wa kisiwa cha Sicily, Italia. Wenzake wanamsaka. Wakimuua Dante wakidhani ni yeye, Johnny amepona. Benigni anacheza wote wawili, na Maria ni Nicoletta Braschi, mkewe wa ndoa kabisa.

Vichekesho vingi vya kufananishwa huchoka pale mhusika anapogundua kinachoendelea, kisha inabaki kukimbizana tu. Huyu hagundui. Anadokoa ndizi Palermo, risasi zinaanza kumiminika, naye anaamini mji huu hauna msamaha kwa wezi wa matunda! Kuanzia hapo kila anayemchukia anamchukia kwa sababu ya ndizi. Kwenye jumba la opera watu wanamzomea kwa hasira ya kweli, ya damu iliyomwagika, naye anashangaa: jamani, ndizi tu? Pale nilisimamisha filamu nipumue.

Utani mwingine ni wa kimyakimya zaidi. Ndani ya gari, mwenyeji wake anamweleza majanga yanayoichafulia Sicily jina duniani. Volkano ya Etna. Ukame. La tatu, analolitaja kwa uchungu mkubwa kama mtu anayetaka kutoboa siri, ni foleni za magari. Mafia haitajwi hata mara moja. Mwaka uliofuata Giovanni Falcone na Paolo Borsellino, majaji waliokuwa wakipambana na mafia, waliuawa kwa mabomu huko huko, kwa hiyo leo unacheka huku kitu kinakukaba kidogo kooni. Kwangu hilo ndilo tukio bora la filamu nzima, na halina risasi wala mtu anayekimbia.

Kasoro zipo. Katikati inalegea, matukio ya nyumbani kwa Johnny yanarefushwa kuliko yanavyochekesha, na Johnny mwenyewe ni kelele tupu ukimlinganisha na Dante. Maria naye hapewi nafasi ya kutosha, ingawa yeye ndiye mwenye uamuzi mgumu kuliko wote. Kuhusu vijana wa kwenye basi, nilikaa na wasiwasi nikingoja wachekwe. Hawachekwi, Lillo, rafiki wa Dante, ana heshima yake.

Pia kuna unga mweupe ambao Dante anaambiwa ni dawa ya kisukari. Usiusahau, utarudi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Tafuta yenye sauti za asili, maana nusu ya uchekeshaji wa Benigni ni jinsi maneno yanavyomtoka kwa kasi mpaka yanagongana. Na usitazame na mtu anayependa kuuliza "huyu sasa ni yupi?"