Kilango cha paka kinachosoma chipu: miezi miwili na Shaba

Shaba tulimchukua Februari kwenye kituo cha Cats Protection, shirika la hisani la kutunza paka, akiwa na miaka minne, na hajawahi kuishi na kilango cha paka, yaani kimlango kidogo chenye kifuniko ambacho paka hukisukuma mwenyewe akapita. Mimi nimekulia Tanga, ambako paka hupita dirishani au juu ya ukuta wa jirani na hafundishwi na mtu. Hapa Leicester, England, mlango wa jikoni hauachwi wazi kwa baridi, ndiyo maana nikanunua kilango. Pauni 75, na fundi nikamlipa 60 kutoboa mlango wa plastiki. Kama mlango wako ni wa kioo, zungumza na fundi wa vioo kabla hujanunua, maana kile kioo kigumu cha milangoni hakitobolewi. Huagizwa kipya chenye tundu lake.

Nilitaka cha chipu, kinachomfungukia tu paka aliyesajiliwa, kwa sababu ya paka dume la jirani, ambalo lingeingia na kumaliza chakula. England sheria imelazimisha paka wawekwe chipu, kidude kidogo chenye namba ya utambulisho, tangu tarehe 10 Juni 2024, kwa hiyo Shaba alikuja nayo tayari, chini ya ngozi kati ya mabega. Kumsajili ni kubonyeza kitufe na yeye apite mara moja, basi. Betri nne za AA.

Kazi ilikuwa kumfundisha. Wiki tatu za mwanzo hakutoka kabisa, azoee nyumba kwanza. Kisha nikainua kifuniko nikakibandika kwa selotepu, betri bado sijatia, nikaweka jodari wa kopo upande wa pili. Siku mbili tu akawa anapita bila wasiwasi. Nikafurahi, nikatia betri, nikashusha kifuniko.

Jioni ile mvua inanyesha, yuko nje anataka kuingia. Akaingiza kichwa, kufuli likafunguka: tak! Akaruka nyuma, masikio yamelala, akajikunyata chini ya pipa la taka. Mume wangu akamwonea huruma, akatoka akambeba, akamsukuma apitie pale pale. Tafadhali usifanye hivyo. Siku nne hakukisogelea tena, hata jodari alimwacha.

Kosa lilikuwa langu. Nilimletea vitisho viwili kwa mpigo, mlio na uzito wa kifuniko. Nikaanza upya: kifuniko kimebandikwa juu, lakini safari hii betri zimo. Kila akiingiza kichwa anasikia tak, na hakuna kinachomgusa. Jodari anamsubiri ndani. Siku ya tano hakushtuka tena. Hapo nikaanza kushusha kifuniko kidogo kidogo, nusu, robo, ukabaki upenyo wa vidole viwili, akisukume mwenyewe kwa pua. Nje nimeweka tofali, kwa sababu ardhi ya huko iko chini kuliko sakafu ya jikoni na alikuwa anapanda kwa shida.

Upepo mkali ukivuma usiku kifuniko kinagonga-gonga, na hilo sijalipatia dawa. Kwa mengine yote nimeridhika sana, ningekinunua tena leo.

Dume la jirani bado linakuja. Linasukuma kwa kichwa, kifuniko hakitikisiki, na Shaba amekaa kwenye mkeka upande wa pili anaangalia.