Skripti ya kuongeza mistari yenye namba: tathmini baada ya miezi minne ghalani Kirumba

Kwa miezi minne sasa, ghala letu la dagaa lililo mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, limekuwa likiandikisha kila gunia linalopita mzanini kwa kutumia skripti fupi ya Bash, yaani faili la amri ambazo Bash, programu ya kupokea amri katika Linux, huzitekeleza moja baada ya nyingine, tuliyotengenezewa na fundi mmoja wa kompyuta wa hapa mjini kwa shilingi 80,000. Kazi yake ni moja tu: karani akishaingiza uzito na jina la mwenye mzigo, skripti huongeza mstari mmoja mwishoni mwa faili la maandishi, na mstari huo huanza na namba yake, tuseme 0147, ikifuatiwa na tarehe, kilo na jina. Namba hiyohiyo ndiyo inayoandikwa kwenye stakabadhi anayoondoka nayo mwenye dagaa. Nimeridhika na skripti hii. Hata hivyo, tunayoitumia leo ni toleo la tatu, na makosa ya matoleo mawili ya mwanzo ni ya aina ambayo mtu yeyote anayeagiza kazi kama hii anapaswa kuyafahamu kabla hajalipa.

Toleo la kwanza lilipata namba kwa kuhesabu mistari: amri ya wc -l ilitoa idadi, skripti ikajumlisha moja, ikaandika. Kasoro ni kwamba wc -l haihesabu mistari kama jicho linavyoiona, bali huhesabu alama za kumalizia mstari. Siku moja mwenzetu alilifungua faili kwa programu ya kuhariri maandishi ili asahihishe jina, akalihifadhi bila alama hiyo mwishoni. Gunia lililofuata likaandikwa limegandana na lililotangulia katika mstari mmoja, tena kwa namba ileile. Safari nyingine, mstari mtupu ulioachwa katikati ulitosha kuruka namba moja, nasi tukashinda asubuhi nzima tukitafuta gunia ambalo halikuwahi kuwapo.

Fundi alikubali hoja yetu bila ubishi, na katika toleo la pili skripti iliusoma mstari wa mwisho, ikachukua namba iliyoandikwa hapo na kuongeza moja. Wazo hilo ni sahihi, na bado ndilo tunalolifuata. Lakini tulipoanza faili jipya, skripti iligoma kwenye gunia la tisa. Sababu yake ni ya kujifunza: Bash ikikutana na namba inayoanza na sifuri katika hesabu, huichukulia kuwa imeandikwa kwa kizio cha nane, yaani kwa kuhesabu nane nane badala ya kumi kumi, na katika kizio cha nane hakuna tarakimu 8 wala 9. Kwa hiyo 0008 ilikataliwa kabisa. Nashukuru kwamba iligoma waziwazi, kwa sababu kama tungeendeleza faili la zamani lililoishia 0147, isingelalamika hata kidogo: ingeisoma kuwa 103 na kuandika 0104, namba ambayo tayari ilikuwa mkononi mwa mteja mwingine. Tiba ni kutanguliza 10# mbele ya namba wakati wa kujumlisha, ili Bash ijue kwamba hesabu ni ya kizio cha kumi, kisha kurudisha zile sifuri kwa printf, amri ya kupanga sura ya maandishi, wakati wa kuandika.

Niliwahi kushauriwa kwamba faili liachwe bila namba, na namba zitiwe kwa amri ya nl wakati wa kuchapa. Nililijaribu jambo hilo na silipendekezi kwa ghala. Kwanza, nl isipoambiwa vinginevyo huiruka mistari mitupu, na ni lazima iongezewe -ba ndipo ihesabu yote. Lililo zito zaidi ni kwamba namba zake si za kudumu: ukifuta mstari wa 20, wa 21 unageuka kuwa wa 20, na stakabadhi iliyokwisha kwenda na mteja kisiwani Ukerewe haiwezi kubadilika kwa kufuata karatasi yetu.

Toleo la tatu liliongeza mambo mawili. La kwanza ni flock, amri inayoweka kufuli ili aandike mmoja tu kwa wakati. Mizigo inayofuata siku za giza, wavuvi wanapokuwa wamevua kwa taa mfululizo, huingia kwa wingi, na makarani wawili huandikisha kwa wakati mmoja katika kompyuta ileile, mmoja akiwa ameingia kupitia mtandao wa ndani wa ghala. Bila kufuli, wote wawili wanaweza kuisoma 0312 na wote wawili wakaandika 0313. Kwa flock, wa pili husubiri hadi wa kwanza amalize, na kusubiri kwenyewe hakuhisiki.

La pili ni ulinzi wa faili. Katika Bash, alama >> huongeza mwishoni, ilhali > moja hufuta kila kilichokuwamo kabla ya kuandika. Kitufe kimoja kilichosahaulika kinaweza kumeza rekodi za msimu mzima. Fundi alitumia chattr +a, ambayo katika Linux hulifanya faili likubali kuongezewa tu, lisikubali kuandikwa upya wala kufutwa, mpaka msimamizi mkuu wa kompyuta aiondoe alama hiyo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo shilingi zetu 80,000 zilipolipa, maana hata yule mwenzetu wa kusahihisha majina sasa hawezi kuligusa faili kimyakimya. Kosa likitokea, tunaongeza mstari mpya wenye namba yake unaosema kwamba mstari fulani ni batili, na ule wa awali unabaki ulipo.

Jumla ya kilo za siku tunaipata kwa awk, programu ya kuchambua maandishi mstari kwa mstari, kwa amri ya mstari mmoja, na sina la kulalamikia hapo. Mwenye ghala au duka atakayeagiza skripti ya namna hii nampa jaribio la dakika tano, mbele ya fundi mwenyewe: aingize mizigo kumi na miwili kuanzia 0001, aone kama itavuka 0008, kisha afungue madirisha mawili na kuingiza mizigo kwa pamoja, mwishowe ajaribu kulihariri faili kwa mkono. Likikubali kuhaririwa, kazi haijakamilika.