Pikipiki ya miguu mitatu Kigoma: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukitaka kujua kama pikipiki ya miguu mitatu ni nzuri, usimuulize aliyeinunua wiki iliyopita. Huyo siti bado ina nailoni, na kila anayepita anampa hongera. Muulize aliyepita nayo masika mazima, na masika ya huku ni marefu, yanaanza mwishoni mwa mwaka na kutuacha Aprili au Mei. Nimepanga hizi kwa kipimo hicho: matope yakikauka, mwenyewe bado anaitaka?

Ya kwanza: guta la cc 200 kwenda juu, injini ya kupozwa kwa maji

Guta ni ile ya miguu mitatu yenye bodi ya mizigo nyuma. Kwa mtu wa mizigo hapa mjini sioni la kulishinda, na sababu ni milima. Mzigo wa dagaa ukitoka mwaloni Kibirizi, kule ufukweni, lazima upande. Guta lililoshiba linapanda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Injini ya kupozwa kwa upepo ikienda mwendo huo haipati upepo: joto linapanda, oili inakuwa nyepesi, ringi na pistoni zinaisha kabla ya siku zake. Injini ya maji ina rejeta na feni, kwa hiyo haitegemei mwendo. Kazi yako ni kuangalia maji kila asubuhi na kubadili paipu zinapoanza kukakamaa. Muuzaji atakuonyesha lenye injini ndogo na kukwambia, "Bosi, hizi zote ni moja, ni bei tu." Ni moja kwa rangi.

Majuto makubwa ya guta lakini hayatoki kwenye injini, yanatoka kwenye uzito. Dumu la mawese la lita 20 lina kilo 18 hivi, kwa hiyo madumu 30 ni zaidi ya nusu tani. Mifuko 20 ya saruji ni tani kamili. Kabla hujaangalia bodi inavyong'aa, soma uzito ulioandikwa na kiwanda, halafu inama uvunguni. Hesabu majani ya springi. Angalia difu, lile boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma, kama haivuji. Pitisha kidole kwenye maungio ya chesesi pale springi zinaposhikwa: uchomeleaji mzuri ni mstari usiokatika. Ukikuta vidonge vya chuma na mapengo katikati, jua Februari utakuwa kwa mchomeleaji, na mzigo wa mtu umelala barabarani.

Mzigo wenyewe uukalishe mbele, karibu na dereva. Ukirundikwa nyuma, mlimani gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani haushiki.

Ya pili: bajaji mpya ya abiria

Kwa barabara ya lami ya Mwanga na Ujiji, hii inaleta hela kidogokidogo lakini kila siku. Bajaj RE na TVS King zote ni za cc 200 hivi na mafundi wamezizoea; spea unaipata bila kusubiri basi kutoka Dar. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya matairi. Yana rimu ya inchi 8, na kwenye mitaa iliyochimbwa na maji ya mvua yanaingia kila shimo, ndiyo maana shokapu na bushi haziishi kubadilishwa.

Kuna jambo wanunuzi wengi hawalifanyi: nenda kijiwe unachotaka kuegesha, kaa kutwa, uone bajaji moja inasubiri zamu muda gani. Kama madereva wanamaliza mchana wanacheza bao, bajaji yako haitabadilisha chochote pale.

Ya tatu: bajaji iliyotumika

Si mbaya, ila uwe mkali. Mwambie muuzaji asiiwashe, fika asubuhi uikute ya baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika inaficha mengi. Moshi wa bluu maana yake inachoma oili. Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zile za kwenye kadi ya usajili, tarakimu kwa tarakimu, na hakikisha jina la kwenye kadi ni la huyo unayempa hela. Akisema kadi iko kwa kaka yake, kanunue kwa kaka yake.

Ya nne: guta la cc 150 la upepo

Kigoma, hapana. Tabora mjini, ambako ardhi ni tambarare, ningelipandisha hadi la pili, mradi filta ya hewa isafishwe mara kwa mara, maana mchanga na vumbi la kule vinaingia kila mahali.

Za umeme siziweki kwenye mpangilio. Betri likisumbua na fundi wake hayuko mjini kwako, una toroli.

Kuhusu mkataba wa kulipa kidogokidogo kwa tajiri, yaani mwenye chombo, hadi kiwe chako: jumlisha hesabu zote, zile hela unazompelekea, hadi siku ya mwisho kabla hujasaini, uone unalipa bajaji ngapi. Yaandikwe pia nani analipa injini ikifunguliwa, na kama hesabu inasimama chombo kikiwa gereji. Wengi walioporwa chombo kikiwa kimebaki kidogo kuwa chao walikwama hapo kwenye gereji.

Na wewe unayetoka bodaboda, usiondoke dukani mwenyewe siku ya kwanza. Umezoea kulala na kona. Ya miguu mitatu hailali, inanyanyua gurudumu la ndani na kupinduka. Breki unashika kabla ya kona, siyo ndani yake. Mchukue dereva mzoefu, mtafute uwanja mpana, ujifunze ikiwa tupu, kisha uongeze mzigo kidogokidogo.