Kigari cha pembeni nilichofungiwa Ngamiani kwa ajili ya mama mkwe: msiende. Au nendeni, lakini kwa kiti tu

Gereji sitaitaja jina. Iko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, na mtu wa Tanga akisoma nusu tu ya haya atajua namsema nani, maana mdomo ule haupatikani gereji mbili.

Hasira hizi ninazo tangu kabla ya masika. Nilijiambia yaishe, hayajaisha. Kila nikikanyaga breki yananirudia upya.

Kwa asiyekijua, kigari cha pembeni ni kile kiti chenye gurudumu lake moja kinachofungwa ubavuni mwa pikipiki, abiria akakaa chini kando ya dereva badala ya kukaa nyuma yake. Tanga huvioni. Mji huu ni wa baiskeli, bodaboda na bajaji, na ukitaka kitu cha nne itabidi ukakiundishe.

Nilikitaka kwa sababu ya mama mkwe. Alikuja kutoka Muheza kuhudhuria kliniki ya sukari hospitali ya Bombo, na ule msemo wa "waja leo waondoka leo" yeye haukumhusu, kwa sababu kliniki ina tarehe zake na magoti yana zake. Sisi tunakaa upande wa Pongwe, ndani ndani, mbali na lami. Pikipiki ninayo, Boxer, ila mama hapandi. Na sababu zake mkwe yeyote mwenye adabu anazielewa bila kuelezwa. Akae nyuma yangu, anishike wapi? Kiunoni? Mkwe? Akikaa upande, magoti yanamkataa. Akipanua miguu na baibui lake lile, basi bora arudi Muheza kwa miguu. Alisema mara moja tu: "Baba, mie aibu hiyo siiwezi, niacheni nife na sukari yangu." Mke wangu akanitazama.

Najua mtaniuliza habari ya bajaji. Kwetu haiingii mpaka uikodi, na dereva akisikia alfajiri, tena Bombo, anakutajia bei ya harusi.

Basi nikaenda Ngamiani. Fundi ni kijana hodari wa kuchomelea, hilo simnyimi, mageti yake mmeyaona mitaani. Nikamweleza, akasema ndogo hiyo. Laki nne na nusu, nusu mkononi. Akanitolea simu kunionyesha video ya vigari vya abiria vya Ufilipino, vimejaa barabara nzima, watu wanapanda na kushuka. Nami nikafurahi. Kisha nikaangalia vizuri: vyote vimefungwa kulia.

Nikamwambia, fundi, hawa wanaendesha kulia. Hata zile pikipiki za Kirusi, Ural, kigari chake kiko kulia kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tunaendesha kushoto kama Uingereza na India, na wenzetu hao wanafunga kushoto. Ukinifungia kulia mama mkwe atakuwa anashukia katikati ya barabara, uso kwa uso na Fuso. Unajua alinijibu nini? "Kulia, kushoto, kote si pembeni, bosi?"

Pale pale ningeondoka ningekuwa nimeokoka, ila nusu ya pesa alikuwa ameshaitia mfukoni. Akakubali kushoto kwa kununa, akisema kushoto kuna pedali ya gia na stendi, kazi inaongezeka, pesa nayo iongezeke. Nikaongeza. Na hiyo nafasi ya mguu aliyoniachia kati ya pedali na kigari, mpaka leo kiatu kinakwama nikitaka kupandisha gia ya tatu. Naendesha na kandambili sasa. Mtu mzima, na shati la kazini, na kandambili.

Haya, sasa nitasema jambo ambalo sipendi kulisema. Kiti ni kizuri. Wallahi ni kizuri. Sijui kama alikishona yeye au alimpa yule kijana wa siti za bajaji mtaa wa pili, lakini sponji ni nene, leza ni nyekundu iliyoiva, na ubavuni aliweka kimlango chenye bawaba na kidaraja cha kukanyagia, hivyo mama hana haja ya kunyanyua mguu juu kama anaruka ukuta. Anafungua, anaingia, anakaa, anafunga. Mkoba mapajani, ushungi umetulia. Siku ya kwanza alinyoosha mkono akapapasa leza, akasema "Alhamdulillahi," akaniambia twende. Njia nzima alikuwa anasalimia watu. Wengine hawajui hata. Nilimwona mkwe wangu anacheka kwa sauti, kitu ambacho tangu nimwoe binti yake sikuwahi kukisikia.

Kwa hilo tu nilikuwa tayari kumpigia fundi simu nimwombee dua.

Lakini kuendesha! Hakuniambia chochote kuhusu kuendesha. Pikipiki yenye kigari si pikipiki tena, sahau ulichojifunza. Kwenye kona hailali, unageuza usukani kwa mabavu ya mikono. Ukivuta mafuta inakuburuza kushoto, kwa sababu kigari ni kizito na kinabaki nyuma. Ukishika breki ndiyo balaa: kigari hakina breki yake, pikipiki inasimama, chenyewe kilicho kushoto kikiwa na mtu mzima ndani bado kinataka kwenda, hivyo kinaizungusha pua ya pikipiki kulia. Na kulia kwetu ndiko lori linakotokea. Mara ya kwanza kushika breki kwa nguvu nilijikuta nimevuka mstari, mama anauliza kama huku ndiko tunakokwenda.

Na kona za kushoto kigari kikiwa kitupu, bila abiria, gurudumu la kigari linanyanyuka lenyewe juu hewani. Haya yote ni tabia ya kigari popote duniani, simlaumu fundi kwa kuumbwa kwake. Namlaumu kwa kukaa kimya. Muuza panga hukuonyesha makali yako upande gani.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Tulikuwa tunaenda kliniki, kati ya Pongwe na Kange. Kuna tuta. Nalipanda polepole, nalishuka polepole, nikasikia "kak!" na kigari kikainama nyuma. Mama hakupiga kelele, alianza tu kusoma kwa sauti ya chini, na mimi nikajua maana yake. Nikashuka, nikainama. Kiungo cha chini cha nyuma, kile kinachobeba uzito mkubwa, kimeachia kwenye fremu. Pale alipochomelea pameng'oka pande zima, na chini yake naiona rangi ya kiwandani imeungua imekuwa masizi. Hakuikwangua. Hakupitisha grinda wala msasa. Alichomelea juu ya rangi, juu ya bomba jembamba la fremu ya pikipiki, lile tone likakaa pale kama mavi ya kuku juu ya bati: lipo, halijashika kitu. Kisha akapuliza rangi nyeusi juu yake ipendeze. Nani angejua?

Kijana mmoja wa bodaboda akasimama, akatoa kamba ya katani kwenye siti yake. Tanga bwana, katani haikosekani. Tukafunga, tukazungusha, tukakaza kwa kijiti, na kliniki tukaisahau. Tukajikokota mpaka Ngamiani mwendo wa maiti.

Hapa nataka msome taratibu.

Tumefika. Mama bado yumo kwenye kigari, magoti yamekaza, hawezi kushuka haraka. Fundi yuko chini ya pikipiki ya mtu. Mama, mtu mzima, umri wa kumzaa fundi na kaka zake, ndiye aliyeanza: "Asalaam alaykum." Kimya. Kuitikia salamu ni wajibu, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Labda hakusikia, nikasema. Mama akarudia. Fundi akatoka chini, akajifuta mikono kwa kitambaa, akakizunguka kigari chote. Kiungo kilichokatika hakukiangalia. Alimwangalia mama, kuanzia ushungi hadi miguuni, kama anakadiria mbuzi wa mnadani. Akageuka kwangu, akasema juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo:

"Bosi, chuma changu hakina neno. Mwambie bi mkubwa apunguze ubwabwa."

Vijana wa gereji wakacheka. Mmoja aliachia spana.

Damu ilinipanda. Mkwe wangu! Mtu ambaye mimi nikiingia ndani natoa kofia, sauti siinyanyui mbele yake, chakula nampisha. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema mama akanitangulia, pole pole, bila kugeuza shingo: "Ubwabwa wa kwenu sijaula bado, mwanangu. Siku ukinialika ndipo uhesabu matonge." Kicheko kikaisha. Hata yule wa spana akaanza kuitafuta.

Mngedhani hapo fundi atatahayari. Wapi! Akaniambia kurudishia ni elfu thelathini. Nikasema elfu thelathini ya nini, wakati kazi ni yako na imekatika yenyewe? Akasema chuma kikishatoka gereji ni mali ya mwenyewe. Nikadai nirudishiwe pesa, akasema pesa ya chuma hairudi. Mengine niliyosema baada ya hapo siyaandiki, mke wangu anasoma. Mama alinikataza kwa kidole tu.

Kazi ilikuja kunyooshwa na mzee mmoja kule Makorora, na huyu nikimsifu hanilipi. Kwanza aliitikia salamu. Pili alikata vyote vilivyochomelewa, akakwangua fremu, akatengeneza vikamatio viwili viwili vya kukumbatia bomba na kufungwa kwa bolti, akisema fremu ya pikipiki haichomelewi ovyo ovyo. Yule wa kwanza alifunga sehemu tatu, zote chini. Mzee akafanya nne, mbili chini na mbili juu. Kisha akaleta mbao mbili ndefu zilizonyooka, moja akailaza kandokando ya matairi ya pikipiki, nyingine kandokando ya tairi la kigari, akapima kwa futi kamba nafasi ya mbele na ya nyuma. Mbele lazima iwe finyu kidogo, sentimita moja au mbili, gurudumu la kigari litazame ndani. Letu lilikuwa linatazama nje! Ndiyo maana tairi lilikuwa linalika na mikono inaniuma. Pikipiki nayo akailaza kidogo sana kwenda kulia, ili abiria akikaa isimame wima. Mwisho akaniambia nikiwa peke yangu niweke mfuko wa mchanga kwenye kiti. Maarifa ya dakika chache. Yule mwingine alishindwa kuyatoa kwa laki nne na nusu na nyongeza.

Breki bado inavuta kulia, hiyo ni asili yake, ila sasa naanza kushika mapema na kidogo kidogo. Trafiki walishanisimamisha wakitaka kujua hii ni pikipiki au bajaji. Mama aliwasalimia, wakacheka, wakatuacha. Wewe wa kwako usitegemee hivyo, nenda kaulize mambo ya kadi na bima kabla hujamlipa mtu hata shilingi.

Sasa nyota. Kwa kazi ya chuma nampa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haipo. Kwa kiti nitampa nne. Hapana, tano, siwezi kumdhulumu mtu haki yake, mama anakaa humo kwenda na kurudi na goti halimlii. Wastani ungekuwa tatu. Lakini nikikumbuka "apunguze ubwabwa" narudi kwenye moja. Mtu akikutukania mkwe, kiti kizuri kinamsaidia nini?

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kigari cha pembeni usijaribu kabisa. Sasa sisemi hivyo. Kama una mzazi asiyepanda pikipiki kwa sababu ya magoti au ya staha, kigari ni kitu kizuri sana, nasema hivyo nikiwa bado nimekasirika. Kifungishe kwa mtu anayepima. Asiyepima mkimbie. Na kaangalie mwenyewe kabla rangi haijapulizwa, simama pale pale juu ya kichwa cha fundi, akununie.

Tatizo lililobaki ni mvua. Kigari hakina paa, na mama anataka turubai lenye vyuma, la kukunja. Mzee wa Makorora hashoni. Nikamwambia mama nitatafuta mtu. Ananiambia hakuna haja ya kutafuta, twende kwa yule yule wa Ngamiani, kiti alikipatia na turubai atalipatia, "na safari hii, baba, nitambebea kontena la ubwabwa." Nimekataa. Mke wangu yuko upande wa mama yake. Kama kuna mtu hapa Tanga anashona maturubai na hana mdomo, naomba anijulishe kabla ya kliniki ijayo.