UCSC Genome Browser: Ramani Iliyonyooka ya Jenomu Iliyokunjika

Nimekitumia UCSC Genome Browser, kivinjari cha jenomu (yaani DNA yote ya kiumbe) kinachotolewa bila malipo na Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, kwa kazi moja mahususi, nayo ni kufuatilia namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa katika ubongo wa binadamu kabla hajazaliwa. Tathmini hii inakipima kwa kazi hiyo tu. Anayechunguza saratani au mifugo huenda akakiona kwa jicho jingine.

Ugumu wa kazi yenyewe unapaswa kutangulia. Seli mama inayozaa niuroni na niuroni iliyokwisha kukomaa zina DNA ileile, yenye herufi zipatazo bilioni 3 katika kila nakala, na sehemu inayobeba maelekezo ya protini haifiki asilimia 2. Kinachozitofautisha seli hizo mbili hutegemea sana vipande vingine, vikiwemo vile viitwavyo enhansa, vinavyochangia kuamua jeni ipi isomwe, katika seli ipi na wakati gani. Enhansa hailazimiki kuwa jirani wa jeni inayoitumikia. DNA ya karibu mita 2 imekunjwa ndani ya kiini chenye upana wa maikromita chache, na katika mikunjo hiyo, ambayo protini za CTCF na kohesini husaidia kuiunda, vipande vilivyoachana mbali kwa mstari huweza kugusana.

Kivinjari, kwa upande wake, huitandaza kromosomu kama kamba iliyovutwa ncha mbili. Hapo ndipo ulipo uzuri wake, na hapohapo ndipo kinapoweza kumpotosha mtumiaji asiye makini.

Nilikijaribu kwa jeni ya FOXG1, iliyoko katika kromosomu ya 14, ambayo ni nguzo ya ukuaji wa ubongo wa mbele. Nakala moja ikiharibika, mtoto hupata ulemavu mkubwa wa ukuaji. Na wapo wagonjwa walioripotiwa ambao jeni yenyewe ni nzima, lakini kipande kilicho mbali nayo kimefutika. Ukiandika jina la jeni, unafikishwa mahali pake mara moja, kisha unavuta picha nyuma hadi uone jangwa pana lisilo na jeni kandoni mwake. Ukiwasha safu (mstari wa data juu ya ramani) ya ENCODE, mradi wa kuorodhesha vipande vya jenomu vinavyofanya kazi, jangwa hilo linajaa vijiti vya rangi: nyekundu kwa vianzio vya jeni, chungwa kwa vipande vinavyofanana na enhansa vilivyo karibu na kianzio, njano kwa vilivyo mbali. Orodha ya ENCODE ya mwaka 2020 ilikuwa na vipande 926,535 vya aina hizi na nyingine katika jenomu nzima ya binadamu, na kuvipanga vyote bila kumchosha msomaji macho ni ufundi wa kusifiwa.

Lakini kijiti cha njano hakisemi kinamtumikia nani. Jicho hukimbilia jeni iliyo karibu zaidi, na kwa FOXG1 mazoea hayo yanaweza kukosesha. Mwaka 2016 watafiti waliotumia mbinu ya Hi-C, inayoonyesha vipande gani vya DNA vinagusana, kwenye gamba la ubongo wa vijusi, wakilinganisha ukanda ambamo seli huzaliwa na ukanda ambamo niuroni hukomaa, walionyesha kwamba eneo linalohusishwa na skizofrenia hukutana na FOXG1 kutoka umbali wa zaidi ya herufi nusu milioni. Kivinjari kinaweza kuonyesha mikutano ya namna hiyo kwa mraba, kwa pembetatu au kwa matao; mimi huchagua matao, maana yanasomeka hata kwa asiye mtaalamu. Tatizo ni kwamba safu ya Hi-C na Micro-C (mbinu inayofanana nayo) iliyowekwa tayari kwa hg38, toleo mojawapo la jenomu ya binadamu, inatokana na seli shina za kiinitete na seli za ngozi. Anayetaka mikunjo ya ubongo unaokua hana budi kutafuta faili yake, kuiweka kwenye seva inayofikika kwa intaneti, kisha kuiunganisha mwenyewe. Jambo hilo halimshindi mwenye ujuzi, lakini mwanafunzi anayeanza atakwama.

Safu ya VISTA ni hazina, kwa sababu inaonyesha vipande vilivyojaribiwa ndani ya viumbe hai na sehemu ya mwili vilikowasha jeni, ubongo wa mbele ukiwemo. Viumbe hao, hata hivyo, ni viinitete vya panya, vingi vikiwa vya siku ya 11.5, kwa hiyo kimya cha kipande siku hiyo hakithibitishi kwamba hakifanyi kazi kwa binadamu katika wiki nyingine ya mimba.

Jihadhari pia na matoleo mawili ya jenomu, hg19 na hg38. Niliwahi kubeba namba za mahali pa vipande katika toleo la kwanza na kuzibandika kwenye la pili, nikashangaa jangwa langu limehama. Kosa lilikuwa langu, na zana ya LiftOver iliyomo humo, inayogeuza namba za toleo moja kuwa za jingine, ililirekebisha kwa dakika moja.

Kipimo cha wakati ndicho ninachokikosa zaidi. Nikihitaji kujua jeni inasomwa katika umri gani, nafungua atlasi ya BrainSpan pembeni, ambayo inafuata usomaji wa jeni katika sehemu hadi 16 za ubongo, tangu wiki ya 8 baada ya kutungwa mimba hadi utu uzima. Kuhama kati ya madirisha mawili kunachosha, lakini tao linaloifikia jeni isiyosomwa kabisa katika wiki husika huwa nalitilia shaka kabla ya kuliandika popote.