Huduma baada ya mimba kuharibika: kituo kimoja cha afya, Kigoma vijijini

Wakunga wazuri, faragha mbovu.

Mama anayevuja damu haambiwi asubiri. Presha na mapigo ya moyo hupimwa kwanza, daftari baadaye, na hapo ndipo maisha yanapookolewa. Mimba ikiwa chini ya wiki 13, kizazi husafishwa kwa bomba la kunyonya la mkono, au mama hupewa misoprostoli, vidonge 3 vya mikrogramu 200, kwa mkupuo. Mipira ya bomba ikichakaa, mvuto hupotea na mabaki hubaki ndani, ndiyo maana wakunga hawa hulijaribu kabla ya kuanza, kisha hukagua kilichotoka kwenye bakuli. Safi sana.

Tatizo ni benchi la mapokezi. "Uliitoa?" linaulizwa mbele za watu. Sheria yetu inaruhusu kutoa mimba kuokoa maisha ya mama tu, hivyo wengi wanaogopa polisi na kujificha nyumbani mpaka homa ipande. Kutibiwa mimba iliyoharibika si kosa, jamani! Mama akifariki, anayenyonya naye yuko hatarini.

Kabla ya kuruhusiwa, ombeni uzazi wa mpango, maana mimba yaweza kushika tena ndani ya wiki 2. Pedi 2 zikilowa kila saa kwa saa 2 mfululizo, rudini usiku huohuo.