Cherehani ya kushonea nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Anayetaka kufuma huanza na sindano mbili na donge la uzi. Anayetaka kuoka huanza na bakuli, mwiko na oveni ambayo pengine tayari ipo jikoni. Mshonaji ndiye anayedaiwa mashine kabla hajashona hata pindo moja, na hapo ndipo wengi tunapoteleza. Tunanunua ya bei ya chini kuliko zote ili "tujaribu kwanza", inatusumbua, kisha tunasema kushona hakutufai.

Mimi nilianza hivyo. Cherehani yangu ya kwanza ilikuwa kidude cha plastiki unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja, na kwa miezi kadhaa niliamini kasoro ni yangu. Kisha siku moja jirani aliniachia cherehani yake nishone mapazia. Nilishona pindo zima, kutoka kona hadi kona, uzi haukukatika hata mara moja. Niliinua kile kitambaa nikakitazama kwa muda mrefu. Mikono ilikuwa ile ile.

Orodha hii ni kwa anayeshona kwa kupenda: nguo za watoto, foronya, mapazia, mkoba, kurekebisha suruali iliyozidi urefu. Anayefungua duka la ushonaji ana hesabu nyingine.

Kwanza tuuelewe mshono wenyewe, maana ndio unaonunuliwa. Elias Howe alipewa hataza yake (hati ya haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1846 kwa mashine inayoshona kwa nyuzi mbili: mmoja unashuka na sindano kutoka juu, mwingine unatoka chini, na zinakumbatiana ndani ya kitambaa. Cherehani za nyumbani zinazouzwa leo bado zinashona kwa njia hiyo. Kwa hiyo tangazo likikuambia mashine ina mishono 60 au 200, usisisimke. Kwa miaka yote niliyoshona nimetumia minne: wa moja kwa moja, zigizaga, zigizaga yenye vituo (kila mstari wake wa mshazari una mishono midogo kadhaa) kwa ajili ya lastiki, na tundu la kifungo. Maua na bata wadogo niliwashona siku ile mashine ilipofika, basi.

Ya kwanza: cherehani ya umeme ya kawaida, yenye zigizaga

Hii ndiyo ningemnunulia dada yangu bila kuwaza mara mbili. Haina kioo wala kompyuta. Unazungusha kitufe kuchagua mshono, unakanyaga pedali, inashona. Ikiharibika, fundi yeyote wa cherehani anaifungua na kuielewa.

Ukiwa dukani, angalia mambo haya. Iwe na vitufe viwili tofauti, kimoja cha urefu wa mshono na kingine cha upana wa zigizaga. Baadhi ya mashine za bei ya chini zimefungiwa vipimo hivyo kiwandani: unachagua mshono namba 3 na unapokea urefu walioamua wao. Utajuta. Mshono wa kawaida kwa pamba ni milimita 2.5 hivi, ila unapopiga bandi, yaani kushikiza kitambaa kwa muda tu, utataka milimita 4, na kwa kitambaa chepesi kama satini utashuka hadi 2 au chini kidogo. Lazima uweze kuamua mwenyewe.

Inyanyue. Ganda la plastiki si tatizo, karibu zote siku hizi zinalo, lakini ndani kuwe na kiunzi cha chuma. Mashine nyepesi mno hutembea mezani ukikanyaga kwa nguvu. Kisha vua kile kisanduku cha mbele uone kama unabaki mkono mwembamba wa kushonea. Bila mkono huo, kushona ncha ya mkono wa shati au pindo la suruali ya mtoto ni mateso.

Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, huwekwa kwa namna mbili: nyingine hudondoshwa kwa juu, chini ya kifuniko kinachoonyesha ndani, nyingine huingia kwa mbele ndani ya kasha la chuma. Anayeanza nampendekezea ya juu, kwa sababu unaona uzi ukikaribia kwisha. Ile ya kasha ni imara na mkazo wake ni rahisi kurekebisha, lakini itakuishia katikati ya mshono mrefu bila kukuonya.

Hakikisha pia inatumia sindano za kawaida za nyumbani, zenye shina bapa upande mmoja, zilizoandikwa 130/705 H. Hizo zinapatikana karibu popote. Mashine inayodai sindano yake ya pekee siku moja itakaa kabatini kwa kukosa kisindano kidogo tu.

Ya pili: cherehani ya chuma ya kukanyaga au ya mkono

Watu watashangaa kuiona hapa. Inashona mshono wa moja kwa moja tu, haina zigizaga, na ni nzito. Lakini mshono wake! Umenyooka, umekaza, na haibadiliki tabia ikikutana na jinzi iliyokunjwa mara mbili. Haitegemei umeme. Na mwendo uko miguuni mwako: unaweza kushona tundu moja, ukasimama, ukatazama, ukaongeza jingine. Kwa mtu anayeshona ili kutuliza akili, mdundo ule wa pedali una raha yake ambayo mota haiwezi kuitoa.

Ina adabu zake. Ukianza kukanyaga vibaya gurudumu huzunguka kinyumenyume, na hapo hapo uzi hujifunga au kukatika, kwa hiyo mkono wa kulia huanza kwanza kuzungusha gurudumu kuja upande wako, ndipo miguu ifuate. Mafuta yake ni yale mepesi ya cherehani. Ya kupikia hugeuka gundi baada ya muda, na nimeona mashine nzuri iliyoganda kabisa kwa sababu hiyo.

Ukinunua iliyotumika, usidanganywe na rangi inayong'aa. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono, mzunguko mzima. Lizunguke kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Likikwama mahali pamoja kila mara, kuna kitu kimepinda. Shika sindano uitikise kidogo: ikicheza kushoto na kulia, sehemu zimelika. Na kasha la bobini liwepo, maana mashine nyingi kuukuu huuzwa bila hilo.

Ya tatu: cherehani ya kompyuta

Si mbaya hata kidogo, na kwa baadhi ya watu ndiyo ya kwanza. Mwenye maumivu ya goti au mguu atashukuru kitufe cha kuanzisha na kusimamisha bila pedali. Inaweza kusimama sindano ikiwa chini kila unapoacha, jambo tamu sana unapogeuza kona. Vitundu vya vifungo hutoka sawa vyote, kimoja baada ya kingine. Na kuna kidhibiti mwendo: hata ukikanyaga hadi mwisho haipiti kasi uliyoiweka, ndiyo maana naipenda kwa watoto wanaojifunza.

Imeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu ya ile bodi yake ya kielektroniki. Umeme unaopanda na kushuka huiua, na ikifa mara nyingi gharama ya kuibadilisha inakaribia ya mashine mpya. Ukiichagua, nunua na kinga ya umeme siku hiyo hiyo.

Ya nne: cherehani ya kiwandani

Kuna anayeishauri kwa sababu "inadumu". Ni kweli inadumu. Pia inaweza kupita mishono 4,000 kwa dakika, wakati ya nyumbani huishia kwenye mamia hadi 1,000 hivi, inakuja na meza yake, na nyingi hushona mshono wa moja kwa moja tu. Anayejifunza kuiongoza hutumia nguvu zake zote kuizuia. Iache mpaka uwe na chumba na kazi ya kuijaza.

Ya mwisho: vile vidogo vya betri

Usinunue. Havina nguvu ya kupita kwenye makutano ya mishono, mwendo hauongozeki, na mkazo wa uzi hubadilika ukiwa unashona. Ukiwa na fedha za hiki tu kwa sasa, nunua mkasi mzuri na sindano za mkono, shona kwa mkono, endelea kuweka akiba. Mshono wa mkono uliopigwa kwa utulivu utashinda kila kitakachotoka humo.

Overloki sijaipanga kwa sababu haichukui nafasi ya cherehani. Inakata ukingo na kuufunga kwa nyuzi tatu au nne ili kitambaa kisifumuke nyuzi, lakini haitoboi tundu la kifungo wala haishoni zipu. Ni mashine ya pili. Zigizaga itakutosha kwa muda mrefu.

Siku ya kununua

Nenda na vipande vyako vya nguo: pamba nyepesi, jinzi, na kitambaa kinachovutika. Kile kipande kigumu cha dukani kimechaguliwa ili mashine ionekane nzuri. Nenda pia na nyuzi za rangi mbili, mwekundu juu na mweupe kwenye bobini. Shona mstari wa urefu wa kiganja, kisha geuza. Ukiona vidoti vyekundu upande wa chini, uzi wa juu umelegea. Vyeupe vikitokea juu, wa juu umekazwa mno. Mwombe muuzaji azungushe kidhibiti cha mkazo uone kama vidoti vinapotea. Vikipotea, mashine ni nzima. Visipopotea kwa namba yoyote, shukuru uondoke.

Kabla ya kuilaumu kwa fundo kubwa la nyuzi chini ya kitambaa, tunga uzi wa juu upya huku mguu unaobana kitambaa ukiwa umeinuliwa. Ukiwa umeshushwa, vile visahani vya mkazo vimejifunga na uzi hauingii katikati yake. Nimewaona watu wakirudisha mashine nzima dukani kwa kosa hilo.

Soma kibandiko cha umeme pia. Mashine iliyotengenezewa Marekani hutumia volti 110 hadi 120, na ukiichomeka penye volti 220 hadi 240 mota huungua kwa dakika chache.

Usimalize fedha zote kwenye mashine. Weka za mkasi utakaokata kitambaa tu, karatasi marufuku, za uzi wa poliesta usio na manyoya, na za sindano: 80/12 kwa pamba, 100/16 kwa jinzi, na za ncha ya mviringo kwa vitambaa vinavyovutika. Sindano ibadilishwe baada ya saa 8 hivi za kushona. Ikianza kutoa sauti ya tak, tak inapotoboa, imeshapitiliza.

Ukifika nayo nyumbani, jioni hiyo hiyo shona foronya: mishono mirefu iliyonyooka, kona, na zigizaga kwenye kingo. Kama kuna kasoro itajitokeza humo, na risiti bado unayo mkononi.